iPhone 7 ikizimika jelibreki inapotea: ni aina gani hii?

Mutu_wa_Himbi: Jambo ndugu zangu. iPhone 7, iOS 15.8, jelibreki (kuvunja vizuizi vya Apple ili kuweka programu zisizoruhusiwa) ya programu ya palera1n. Umeme ulikatika hapa Goma, batri ikaisha. Nimeiwasha, simu iko sawa, ila Sileo, duka la programu za jelibreki, ikifunguka inajifunga palepale. Imeharibika? Na kuna fundi wa Birere anasema ipo jelibreki isiyodai kompyuta hata siku moja. Kweli?

Fundi_Kivu: Haijaharibika. Hiyo ni ya nusu kamba: simu inawaka yenyewe, lakini mabadiliko ya keneli (kiini cha iOS) yanakaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, tu, na RAM husafishika simu ikizimika. Sileo na faili zake bado zimo, zinangoja. Ile ya kamba kamili ndiyo mbaya, maana bila kompyuta simu haiwaki kabisa.

Kuirudisha, chukua kompyuta ya Mac au Linux (Windows haifai, anzisha Linux kutoka kwenye flashi) na uunganishe simu. Andika `palera1n -l` kwenye terminal (dirisha la amri), kisha fuata hesabu kwenye skrini ya kompyuta: kwenye simu bana kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti, achia cha kuwashia, endelea kubana cha sauti kama sekunde 10. Skrini ya simu ibaki nyeusi tii. Ukiona nembo ya tufaha, umechelewa kuachia, rudia. Tumia kebo ya USB-A, si ya USB-C. Kompyuta zenye prosesa ya AMD nazo hukwama sana hapo.

Mama_Sim: Mwanzoni kama alitumia `-f` (namna nyingine ya palera1n, badala ya `-l`), arudie na `-f`. Asichanganye.

Bukavu_iOS: Kuhusu huyo fundi: ya bila kamba kabisa ilikuwepo, mfano evasi0n ya iOS 6 mwaka 2013. Kwa iOS 15 yako, hapana. Pengine anasema Dopamine, jelibreki nyingine ambayo unafungua ndani ya simu na kubonyeza mara moja kila ukiwasha. Kwa mfano, iPhone 11 inaikubali kwenye iOS 15.0 hadi 16.5.1. Ila ukiisaini (kuipa idhini ya kufunguka kwenye simu) kwa akaunti ya bure ya Apple, baada ya siku 7 haifunguki, unarudi kwa kompyuta. TrollStore, programu inayosaini nyingine moja kwa moja bila kikomo cha siku, ndiyo inaondoa usumbufu huo.

Na akikuambia jelibreki inafungua laini ya SIM au inafuta kufuli la iCloud, huo ni uongo, usimpe simu yako.

Mutu_wa_Himbi: Aksanti. Ya dada yangu ni iPhone X, hatua ni zilezile?

Fundi_Kivu: Vitufe ni vilevile, ila nambari ya siri lazima iondolewe. Ikiwa kwenye iOS 16 imewahi kuwekwa hata mara moja, afute simu yote kwanza. Ahifadhi picha.