Orodha za filamu bora za kale: je, ni lazima kufuata mpangilio?

Swali: Ninapitia orodha ya filamu bora ya jarida la filamu la Uingereza, Sight and Sound, ya mwaka 2022, iliyotokana na kura ya wahakiki, lakini filamu ya kwanza, Jeanne Dielman, yenye urefu wa dakika 201, imenishinda mara mbili. Je, niiruke?

Jibu la 1: Iruke bila wasiwasi, kwani kura hiyo hupigwa kila baada ya miaka 10 tangu 1952, na kileleni hapadumu mtu: Bicycle Thieves ndiyo iliyotangulia, Citizen Kane ikatawala kuanzia 1962 hadi 2002, kisha Vertigo ikaipindua mwaka 2012. Mimi humfuata mwongozaji mmoja mpaka nimzoee, ndipo nihamie kwa mwingine.

Jibu la 2: Naomba kutofautiana kidogo. Tazama mikono ya yule mama katika Jeanne Dielman anapomenya viazi huku kamera ikiwa imetulia tuli. Siku ya pili viazi vinapomwivia kupita kiasi, utashtuka kana kwamba nyumba imeungua. Ila usiitazame ukiwa na usingizi (nilijaribu, nikakoroma).

Muuliza swali: Ahsanteni. Nitaanza na Bicycle Thieves, ambayo haifiki hata saa mbili, kisha nimrudie mama huyo asubuhi.