Msomi, redio, siasa na ushauri wa usalama: je, vinakaa pamoja?

Mwana wa Langoni, Lamu, ameuliza:

Assalaam aleikum, wazee wangu na ndugu zangu. Nimemaliza shahada ya uzamili katika sayansi ya siasa, na kwa mwaka mmoja sasa redio za hapa Pwani huniita mara kwa mara nichambue habari za usalama. Kutokana na hilo yamenijia mambo mawili: mwanasiasa mmoja anataka niingie katika kampeni yake, na kampuni moja ya ushauri inataka niiandikie ripoti kuhusu usalama wa mwambao wetu, kuanzia Kiunga hadi Pate. Mkataba wao unanikataza kusema lolote nitakaloliona, na hata kumtaja anayelipa. Nilipokwenda Kizingitini kuwauliza wavuvi maswali ya awali, mzee mmoja aliyekuwa akishona jarife barazani aliiacha sindano ikining'inia kwenye uzi, akanitazama, akaniuliza: "Mwanangu, haya unayoyaandika yanakwenda kwa nani?" Sikuwa na jibu. Naomba mnishauri.

Mwalimu Mstaafu, Malindi:

Wa aleikum salaam, mwanangu. Swali hilo lilimshinda hata Henry Kissinger. Alikuwa profesa wa Harvard kabla ya kuwa mshauri wa usalama wa taifa wa Rais Nixon wa Marekani mwaka 1969, na mwaka 1973 akawa pia waziri wa mambo ya nje. Alipokwisha kutoka serikalini alianzisha kampuni ya ushauri mwaka 1982. Mwishoni mwa 2002 aliteuliwa kuongoza tume ya kuchunguza mashambulizi ya Septemba 11, lakini hazikupita wiki tatu akajiondoa, kwa sababu alitakiwa awataje wateja wa kampuni yake. Hakuna aliyeitilia shaka elimu yake. Waliotiliwa shaka ni wateja wasiotajwa.

Mtazame sasa mtu wetu wa Mombasa, Profesa Ali Mazrui, aliyekuwa mkuu wa kitivo Makerere, akaiacha Uganda ya Idi Amin, akafundisha Michigan na baadaye Binghamton. Mwaka 1986 vipindi vyake tisa vya televisheni kuhusu Afrika vilionyeshwa na BBC ya Uingereza na PBS, televisheni ya umma ya Marekani. Mfuko wa serikali ya Marekani unaofadhili taaluma za historia, fasihi na falsafa ulikuwa umechangia takriban dola 600,000, lakini mwenyekiti wake, Lynne Cheney, aliona kwamba vipindi vinaishambulia Magharibi, akataka jina la mfuko liondolewe. Jina likaondolewa, vipindi vikaonyeshwa vile vile. Aliyetoa fedha alijulikana, hoja zilikuwa wazi, na aliyetaka kuzipinga alizipinga mchana kweupe. Huo ndio usomi ninaoufahamu mimi. Ripoti ambayo wasomi wenzako hawawezi kuisoma wala kuisahihisha inaweza kuwa na faida kwa mnunuzi, lakini usiihesabu katika kazi zako za kitaaluma.

Kuhusu kampeni sina maneno mengi. Ukivaa fulana ya chama asubuhi, usijiite mchambuzi huru redioni jioni.

Binti Mkomani:

Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu siri, ila naogopa kaka yetu asije akaikataa kazi yenyewe. Tukijitoa sote, ripoti ya Lamu itaandikwa na mtu aliyelala siku mbili katika hoteli ya Shela. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, tulipowekewa amri ya kutotoka nje usiku, nyumba zinazokula kwa uvuvi wa usiku ziliumia mapema kuliko zote. Mshauri aliyezaliwa hapa angewaeleza wakubwa kwamba wako samaki wanaofuatwa katika giza la mwezi, na kwamba mvuvi aliye baharini saa tisa za usiku ndiye anayekiona chombo kigeni kabla ya askari yeyote. Kibarua hicho si cha kumwachia mgeni. Isitoshe, Katiba ya 2010, kifungu cha 238, inavitaka vyombo vya usalama wa taifa viheshimu tamaduni mbalimbali za jamii za Kenya. Nani atawaeleza tamaduni hizo kama si sisi?

Mwalimu Mstaafu, Malindi:

Marahaba, binti yangu. Umenisahihisha, nami nimekubali. Basi asiikatae kazi. Aukatae mkataba ulivyo sasa. Majina ya waliozungumza naye yafichwe daima, maana hiyo ni amana na inaweza kuwa roho ya mtu. Jina la anayelipa ni jambo jingine kabisa.

Mwana wa Langoni, Lamu:

Nawashukuru sana. Yule mwanasiasa nimemjibu kwa heshima kwamba sitaingia. Kampuni nimeiandikia leo nikidai mambo mawili: nimtaje mlipaji kwa kila nitakayemhoji, na matokeo ya jumla, bila majina ya watu wala mahali pao, niruhusiwe kuyachapisha baada ya muda tutakaoafikiana. Wakikubali, nitarudi Kizingitini na mkataba mkononi, nimsomee yule mzee kabla sijafungua daftari.