Eti "hilo paa lina miaka mingapi?" Bwana wa vibao vya njano, leo umenifikisha!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Herufi zikiruka mtanisamehe.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule bwana wa vibao vya njano. Hakuna kona, hakuna nguzo ya umeme, hakuna mti uliozidi unene wa kidole ambao haujavikwa kibao chake: TUNANUNUA NYUMBA. FEDHA TASLIMU. HALI YOYOTE. PIGA SASA. Ukisimama dakika mbili barabarani kumsubiri mtu, ukigeuka utakuta umeshapigiliwa kimoja mgongoni.

Vilipokuwa huko kwenye makutano nilinyamaza. Leo asubuhi natoka kufungua geti, nakikuta kimechomekwa hatua tatu kutoka mlangoni kwangu. Na hiki si kama vile vingine. Kimeandikwa kwa mkono, kalamu ya wino mzito: TUNANUNUA NYUMBA MBOVU. Chini yake kuna mshale. Mshale wenyewe, jamani, umeelekea getini kwangu!

Nyumba mbovu. Mshale. Geti langu.

Nikakichomoa, nikapiga ile namba. Akapokea kwa sauti laini kama ya mtu anayetoa pole. Akasema yuko karibu, anakuja "tuongee". Haikupita nusu saa akafika. Nimesimama pale, kibao mkononi, zile waya zake mbili bado zina udongo mbichi. Nikamuuliza kwa heshima zote: kaka yangu, nani kakwambia nyumba hii ni mbovu? Nani kakupa ruhusa? Hanijibu. Kibao hakitazami. Anapandisha macho juu ya kichwa changu, anafinya jicho moja kama fundi anayepima ukuta, ananiuliza:

"Hilo paa lina miaka mingapi?"

Wakuu! Nimeshika tusi lake mkononi, yeye ananiuliza umri wa paa! Paa ambalo marehemu baba alipanda mwenyewe kupigilia, mimi nikiwa chini nimemshikia ngazi kwa mikono miwili, sikuthubutu hata kujikuna. Na mama yangu yuko dirishani, anasikia kila neno. Niliporudi ndani akaniuliza polepole, "Kwani tunauza?" Nilikosa jibu. Mtu wa umri wake asianze siku kwa swali kama hilo.

Kuhusu mshale akajitetea eti upepo umekigeuza kibao. Upepo! Upepo gani unageuza waya mbili zilizozama ardhini urefu wa kiganja? Upepo huo ungekuwa umeshaondoka na lile paa analolitamani.

Hilo paa lina miaka mingapi. Nimeisikia tangu asubuhi. Nimeoshea nayo vyombo, nimefulia nayo nguo. Nawaachia hapa, niambieni kama ni mimi peke yangu.

*

Mpitanjia: Nimesoma yote kwa makini. Swali moja tu: lina miaka mingapi?

Mleta uzi: Mpitanjia, Mungu anakuona.

Koleo: Tupia picha ya paa ndipo tuhukumu. Huenda jamaa aliona kitu.

Bibi Ukungu: Koleo acha ukorofi, mwenzio ameumia. Dada, pole sana. Sisi huku amepigilia kwenye nguzo, juu kabisa, mkono haufiki. Mnajua nguzo zile mafundi wa umeme hupanda kwa miguu yenye vyuma na glavu mikononi? Msumari mmoja uliobaki unatosha kuchana glavu, na aliyevaa yuko karibu na waya. Kwa hiyo hasira zako zina haki, ila hilo la paa naona umelikuza.

Mleta uzi: Sijalikuza, Bibi. Wewe hukuwepo akifinya lile jicho!

Wino Mzito: Wakuu, mimi nimewahi kuchomeka hivyo vibao kwa kulipwa, nisipigwe mawe. Havigeuzwi na upepo. Ni plastiki nyepesi yenye matundu ndani kama boksi, unaingiza waya zenye umbo la H, unakanyaga kwa mguu, umemaliza. Tulikuwa tunatoka Ijumaa jioni maofisa wa mji wakishafunga ofisi, tunaving'oa Jumapili usiku kabla hawajarudi kazini. Na huo mwandiko wa mkono ni wa makusudi. Kibao kikiwa kizuri sana watu hudhani ni kampuni kubwa. Kikiwa na mwandiko wa kupinda, mwenye shida anaona hapa kuna mtu mwenzake wa kawaida, anapiga. Mshale nao tuliambiwa unavuta jicho. Hatukuambiwa kuuelekeza kwa mtu.

Mleta uzi: Asante! Mmesikia? Hakuna cha upepo!

Dalali Mstaafu: Mleta uzi umekasirikia kibao, ungekasirikia kilicho nyuma yake. Wengi wa hao hizo fedha taslimu hawana. Anasaini nawe mkataba kwa bei ya chini, kisha anatafuta mwenye pesa na kumuuzia ule mkataba kabla siku ya kukamilisha malipo haijafika. Anachokula ni tofauti ya bei katikati. Asipompata huyo mwenye pesa, anaingia mitini, wewe umeshafungasha vyombo. Ndiyo maana aliuliza paa kwanza. Paa bovu ndiyo fimbo ya kukushushia bei.

Mleta uzi: SI BOVU.

Dalali Mstaafu: Sijasema lako.

Koleo: Picha bado.

Mwana Nyumba: Nami niko kwenye biashara hii, niwatetee kidogo. Siyo wote matapeli. Kuna mtu amerithi nyumba na ndugu sita wasiosalimiana, kuna aliyeshindwa mkopo na benki inakuja. Watu hao hawana muda wa kupaka rangi na kusubiri mnunuzi, wanataka iishe. Kibao ndilo tangazo la bei rahisi kwa anayeanza. Kosa la huyo bwana ni kuchomeka mahali pasipo pake. Mimi huomba ruhusa kwa mwenye kiwanja, naweka ndani ya uzio wake.

Bibi Ukungu: Na ukikataliwa, unaweka wapi?

Mwana Nyumba: Nimeona uzi mwingine wa kuchangia, ngoja nifike huko kwanza.

Msoma Ramani: Haya mambo yana dawa. Mji wa Hollywood, ule wa Florida, siyo wa filamu, ulitumia programu ya simu inayozipigia zile namba za kwenye vibao bila kupumzika, mpaka laini ya mwenye tangazo ikawa haina faida tena. São Paulo kule Brazil ndiyo walikwenda mbali zaidi, mwaka 2007 walipiga marufuku mabango ya matangazo barabarani. Na Vermont, Marekani, walipiga marufuku yale makubwa tangu 1968.

Mpitanjia: Mkuu, tulikuwa kwenye paa la dada, umeshafika Brazil.

Tairi Bovu: Nyie mnalia na mishale? Mimi kibao chake kilianguka kutoka kwenye nguzo na msumari wake, gari likapita juu. Nimebadilisha tairi kwenye mvua, na kibao kimelala pembeni kinaniambia HALI YOYOTE. Mleta uzi, wewe uliulizwa swali tu. Mimi nilitobolewa.

Mleta uzi: Tairi linanunuliwa dukani, kaka. Mama akikuuliza "kwani tunauza" utamnunulia nini?

Tairi Bovu: Na vile vya "tunazibua vyoo" je? Vinanikera kuliko hivyo vya nyumba. Vinawekwa kona ileile ya kukunjia, dereva haoni anayekuja. Nusura nigongane mara mbili.

Kata Nyasi: Ongeza na zile waya. Kibao kinang'olewa, waya zinabaki zimejificha kwenye majani. Mashine ya kukatia nyasi ikipita juu yake utadhani bomu. Mashine yangu imepoteza visu viwili.

Bibi Ukungu: Tufanye kazi basi. Vya chini tung'oe leo. Cha kwenye nguzo tusikiguse, tuwaite wenye nguzo zao. Ila kuna vile alivyofunga kwenye miti, vile vinahitaji ngazi. Nani ana ngazi?

Kata Nyasi: Ngazi si unayo wewe Bibi?

Bibi Ukungu: Nilikuwa nayo. Muulize Koleo.

Koleo: Mimi tena? Ngazi nilirudisha.

Bibi Ukungu: Uliirudisha kwa nani?

Koleo: Niliiegemeza ukutani, upande wa uani. Hukuwepo.

Mleta uzi: Jamani tulikuwa kwenye mshale.

Tairi Bovu: Hebu dada subiri kidogo. Koleo, uani kwa Bibi kuna ukuta gani? Si kuna uzio wa miti mitupu?

Bibi Ukungu: Asante Tairi. Ukuta gani, Koleo?

Mpitanjia: Naomba ngazi ipigwe picha pamoja na paa.

Koleo: Kwanza tuelewane. Mnazungumzia ile ya mbao au ile ya alumini?

Bibi Ukungu: KWANI ULICHUKUA MBILI?