Akaunti mbili za WhatsApp za biashara: simu ya pili, laini mbili kwenye simu moja, au programu za kukloni?

KitengeBusia
Habari zenu wana jukwaa. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Nauza vitenge na mashuka, mzigo nachukua Kikuubo (soko la jumla la Kampala), wateja wako Kampala na wengine upande wa pili wa mpaka, Busia ya Kenya. Namba yangu sasa ni vurugu tupu: wateja, grupu la ukoo, wazazi wa shule, michango ya kwanjula (sherehe za kutambulishana kabla ya ndoa), wote wamo humo humo. Mteja anauliza bei asubuhi, naiona jioni, kashanunua kwa mwingine. Nataka kutenganisha. Nimeambiwa njia tatu: ninunue simu ya pili, niweke laini mbili kwenye hii hii, au nipakue GB, ile WhatsApp iliyochezewa, kijana mmoja hapa anasema inabeba akaunti kibao. Ipi ni salama? Asanteni.

FundiWaMutaasa
Nyabo, simu gani unayo? Android au iPhone? Inachukua laini ngapi? Na unajibu wateja peke yako au kuna mtu dukani? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Katochi_Daima
Simu mbili. Kazi kazi, nyumbani nyumbani. Saa moja jioni unazima ya kazi unakula chakula chako kwa amani. Haya mengine ni kujitafutia kisukari.

DogoGulu
@Katochi_Daima mzee wangu, mteja wa mashuka anaandika saa nne usiku akishalaza watoto. Ukizima umemkosa.

Dada, usinunue kitu kwanza. Pakua WhatsApp Business, ipo tangu 2018 na ni bure. Inakaa pamoja na WhatsApp ya kawaida kwenye simu moja, sharti kila moja iwe na namba yake. Unapata katalogi ya kuweka vitenge na bei, majibu ya haraka (ile "bei ni shilingi ngapi" unaijibu kwa kubonyeza mara moja), lebo za "amelipa" na "bado", na ujumbe wa kujijibu wenyewe ukiwa safarini. Tena tangu mwishoni mwa 2023 hata WhatsApp ya kawaida kwenye Android inakubali akaunti mbili ndani ya programu moja, unahama kutoka moja kwenda nyingine. Sasa GB ya nini?

FundiWaMutaasa
Hapo kwenye GB niseme kidogo maana wanaletewa kwangu kila wiki wakilia. Tusichanganye mambo mawili. Kuna kukloni kunakokuja na simu yenyewe: Samsung wana Dual Messenger, Xiaomi wana yao, Tecno na Infinix nazo zina yao kwenye mipangilio. Hiyo inatumia WhatsApp halisi, haina neno. GB na ndugu zake ni programu zilizochezewa na watu usiowajua. Hazimo Play Store, unazipakua kwenye tovuti ambazo leo zipo kesho hazipo, na WhatsApp wenyewe wanafungia namba zinazozitumia. Wanaanza kukufungia kwa muda, ukirudia wanakufungia moja kwa moja. Kwa mtu wa kuangalia stetasi kwa siri sawa, ni shauri lake. Kwa namba iliyoandikwa kwenye kibao cha duka, hapana.

MsafiriMalaba
Mimi GB natumia miaka na sijafungiwa.

FundiWaMutaasa
Mungu anakupenda ssebo. Endelea.

MsafiriMalaba
😂 Ila kwa kweli dawa ni Telegram. Programu moja inabeba akaunti tatu bila kukloni chochote, mafaili makubwa yanapita, ukibadilisha simu mazungumzo yako yote yapo. Channel ya mzigo mpya unaweka humo, watu elfu wanaona. Kwenye WhatsApp orodha ya kutuma kwa wengi inaishia watu 256, na asiyekuwa na namba yako kwenye simu yake haipati kabisa.

DogoGulu
Na wateja wa Kikuubo watahamia Telegram lini? Utaongea peke yako kwenye channel yako kama mtangazaji wa redio usiku wa manane.

KitengeBusia
Asanteni sana. Simu ni Tecno, laini mbili. Ya pili ndiyo namba ya dukani, ipo siku nyingi. Dukani yupo binti ananisaidia, naye anajibu wateja nikiwa Kampala. Ndiyo maana nilifikiria simu ya pili imkae yeye.

HajjatArua
Mwanangu, kabla ya simu na programu, jibu swali moja: hiyo laini ya dukani imesajiliwa kwa Ndaga Muntu (kitambulisho cha taifa) ya nani?

Nauliza kwa sababu. Nina duka la vipodozi Arua, wateja wangu wengi wanatoka Koboko na ng'ambo kule Ariwara, Congo. Wakati tunafungua, kitambulisho changu kilikuwa na kasoro ya jina, binti wa dukani akasema "Hajjat usisumbuke", akasajili laini kwa kitambulisho chake. Namba ikaandikwa kwenye kibao, ikachapishwa kwenye mifuko, MoMo (pesa za simu) ikafunguliwa humo humo. Mteja akituma pesa jina linalotokea ni la binti, wakazoea, wengine hata mimi walikuwa wananiita kwa jina lake. Simu yenye WhatsApp ilikaa dukani lakini laini yenyewe mara nyingi alikuwa nayo yeye kwa ajili ya kutoa pesa.

Tukakosana kuhusu mshahara. Akaondoka siku ya soko, na laini akaondoka nayo. Jioni simu ya dukani ikaandika namba hii imesajiliwa kwenye simu nyingine. Nikadhani ni mtandao. Kumbe kaweka laini kwenye simu yake, ile namba ya tarakimu sita ya kuthibitisha ikamjia yeye, kazi imekwisha. Picha ya duka akaiacha vile vile. Mteja wa Ariwara akaagiza katoni za losheni, akaulizwa "kama kawaida?", akajibu kama kawaida, akatuma pesa, jina likatokea lile lile analolijua. Atashtuka kwa lipi? Alikuja na basi kudai mzigo wake, akaniwekea simu juu ya meza nisome mwenyewe. "Hajjat, si wewe huyu?" Nikasoma mazungumzo ya duka langu ambayo sikuyaandika.

Nikaenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu. Kijana wa dirishani kanisikiliza vizuri, kisha kasema mama, sisi tunamjua mwenye laini, aje na kitambulisho chake. Nikaenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, tukaitana, binti akasema laini ni yangu, na kwa makaratasi ni kweli ni yake! Ugomvi wa ile pesa ya mteja ukaenda polisi na mpaka leo sijui umefika wapi. Losheni nikampa bure ili nisimpoteze. Kibao nikapaka rangi upya, na mifuko iliyobaki tulikaa tunafuta namba kwa kalamu ya wino mzito, mmoja mmoja.

Katochi_Daima
Pole sana Hajjat. Ndiyo maana nasema laini ikae kwenye katochi (kasimu kadogo ka vibonye), katochi ikae mfukoni mwa mwenye duka. WhatsApp inataka laini siku ya kusajili tu, baada ya hapo haiulizi laini iko wapi. Binti apewe simu kubwa isiyo na laini, data apate ya WiFi. Namba za kuthibitisha na meseji za MoMo zinakujia wewe.

DogoGulu
Leo umesema neno mzee.

FundiWaMutaasa
Pole Hajjat. Watu watasema hapa "angeweka PIN". Uthibitisho wa hatua mbili uwekwe, ndiyo, ile PIN ya tarakimu sita, na barua pepe yako pembeni. Inamzuia mwizi anayekupigia na kusema "nimekosea namba, nisomee tarakimu zilizokujia". Ila aliye na laini mkononi mwake akisubiri siku saba anaingia bila PIN. Inakununulia wiki moja tu ya kuwaambia wateja. Mwenye laini ndiye mwenye akaunti, basi.

Wiki hiyo itumie vizuri. Na kama unajua laini si ya jina lako na bado hamjagombana, WhatsApp ina sehemu ya "badilisha namba". Unahamia laini mpya yenye jina lako, magrupu yanabaki, na unaweza kuwajulisha wateja.

MamaTwins_Mbale
Mimi simwachii mtu simu wala akaunti. Kuna vifaa vilivyounganishwa: simu yako kubwa inakuwa kuu, unaunganisha hadi vinne vingine kwa kuskani, kompyuta au hata simu nyingine. Msaidizi anajibu kwa namba ile ile. Akiondoka unafungua orodha unamtoa, hata kama yuko Juba.

DogoGulu
Na simu kuu usiizime zaidi ya siku 14, vifaa vyote vinatoka vyenyewe. Kuna jamaa alikwenda hija, duka likawa bubu.

WakiliJinja
Angalizo. Aliyeunganishwa anasoma kila kitu, na yale ya kabla hajaja yanaweza kumfikia pia. Kama wateja wanakutumia picha za vitambulisho kwa ajili ya kusafirisha mzigo mpakani, hizo ni taarifa binafsi, na tuna sheria ya kulinda data na faragha tangu 2019. Wafanyabiashara wadogo wanadhani ni ya mabenki. Hapana, inamgusa yeyote anayekusanya. Futa ukishamaliza kazi nazo.

MsafiriMalaba
Sheria zenyewe zinafuatwa na nani? Facebook imefungwa hapa tangu Januari 2021 na kila mtu yumo kwa VPN (programu ya kupita vizuizi), pamoja na maofisi ya serikali.

WakiliJinja
Hayo ni mambo mawili tofauti ssebo.

MsafiriMalaba
Ni yale yale. Mwaka 2018 walituwekea ushuru wa mitandao, shilingi 200 kila siku, tukaingia VPN. Wakaufuta 2021 wakaweka asilimia 12 kwenye data. Mfanyabiashara ni wa kukamuliwa tu.

MamaTwins_Mbale
Hivi VPN inaweza kufanya WhatsApp wakufungie? Yangu ina seva ya Uholanzi.

FundiWaMutaasa
VPN yenyewe sijaona. Ninachokiona kinafungia watu ni laini mpya kabisa inayoanza siku ya kwanza kutuma tangazo kwa mamia ya watu wasioijua. Wakikublock na kukuripoti wengi kwa mpigo, umekwisha. Ila hizo VPN za bure mnazotumia... nani anawalipia seva ya Uholanzi? Jiulizeni.

MamaTwins_Mbale
Sasa unanitisha fundi. Ipi nzuri?

MsafiriMalaba
Fungueni uzi wa VPN jamani.

Katochi_Daima
Wewe ndiye uliyeileta 😂

BinSalim_Tanga
Wakuu, mimi niko ng'ambo huku Tanzania, nauza viatu. Kuna jamaa ananishawishi niingie ile API ya WhatsApp (huduma yao ya makampuni), anasema wahudumu kumi wanajibu namba moja. Mmoja wenu amejaribu?

DogoGulu
@BinSalim_Tanga kwa duka la viatu ni nyundo kubwa mno. Unalipia baadhi ya meseji, mara nyingi unapitia kampuni ya kati, na mfumo wa kujibia unalipia pembeni. Ukiwa na oda mamia kwa siku tuongee. Kwa sasa Business ya bure na vifaa vinne vinakutosha.

KitengeBusia
Nimesoma yote, asanteni, Hajjat pole sana. GB nimeiacha. Nitaanza na Business kwenye Tecno hii, binti nimuunganishe kwenye simu yake, nione mwezi. Simu ya pili labda baada ya Krismasi.

HajjatArua
Mwanangu, hujanijibu. Laini kwa jina la nani?

KitengeBusia
Hajjat, ni ya mume wangu.

HajjatArua
Haya. Uko naye vizuri?

Katochi_Daima
Eh banange.

MamaTwins_Mbale
@FundiWaMutaasa bado nasubiri jina la VPN. Na ile Samsung ya mtumba uliyosema juzi kwenye uzi wa chaja bado ipo?

FundiWaMutaasa
Ipo nyabo, njoo inbox. Betri nimebadilisha.