Droni iko sawa angani, lakini nikiediti rangi zinaoza. Nakosea wapi?

nax_juu:
Wasee niaje. Niko Nakuru, napiga picha za harusi na ruracio (sherehe ya mahari) huku Bahati, Njoro mpaka Subukia, na mwaka huu nimeongeza droni, DJI Mini 2 ya mkono wa pili. Mambo ya KCAA, wale wa usafiri wa anga, nishapanga kwa hivyo msinianzie hapo. Shida inaanza nikifika kwa laptopu. Nyasi ni kijani ya kuumiza macho, mabati na yale matenti meupe yanakuwa doa tu, hakuna kitu unaona ndani, na anga ni nyeupe wakati mimi mwenyewe niliiona buluu na macho yangu. Nikaona wacha niweke LUT, ile faili ya rangi zilizopangwa tayari, wueh, ikawa mbaya zaidi, watu wote wameingia giza na ule udongo wetu umekuwa mwekundu wa kutisha. Bibi harusi ameniuliza kwa heshima kama hiyo sehemu ya droni inaweza tolewa kabisa 😩

Natumia programu ya kuediti DaVinci Resolve ya bure, laptopu ni Core i5 RAM 8, na klipu za 4K zinakwama kwama. Naona watu wa Kisumu na Kakamega wakitoa kazi safi na droni ndogo hizi hizi. Ni droni ama ni mimi?

kisumo_fremu:
Omera kabla tuseme chochote, hiyo LUT uliitoa wapi na faili imeandikwa aje?

nax_juu:
Nilinunua pakiti mtandaoni, ziko nyingi ndani. Hii nilitumia imeandikwa D-Log Rec709. Kwani?

kisumo_fremu:
Basi tumeshapata ugonjwa wa kwanza. D-Log ni picha iliyofifishwa makusudi, kontrasti chini, rangi chini, ili mwanga na giza vyote viingie kwa faili, halafu LUT ndiyo inakuja kurudisha kontrasti mahali pake. Mini 2 haina D-Log. Iko na rangi ya kawaida (Normal) peke yake, bit 8, maanake droni yenyewe ishapika kontrasti na rangi kabla faili ifike kwa kadi. Kuweka hiyo LUT juu ni kutia chumvi kwa mboga iliyotiwa chumvi tayari. D-Log M utaipata kwa Mini 4 Pro, Air 2S nayo iko na D-Log, na hizo zinarekodi bit 10. Bit 8 inakupa ngazi 256 kwa kila rangi, nyekundu, kijani na buluu, bit 10 inakupa 1024. Kwa hivyo wewe nafasi yako ya kuvuta vuta ni ndogo, lakini iko, usiuze droni.

Mimi na faili za Normal naanzanga hivi. LUT zote nje. Nafungua ukurasa wa rangi na nawasha wevufomu, ile grafu inaenda 0 mpaka 1023, kwa sababu macho yanadanganya hasa ukiediti usiku na skrini imewashwa mpaka mwisho. Angalia mabati yako pale. Kama yamegonga juu na kulala mstari mmoja, hiyo imekwisha, hakuna data hapo, ukiyashusha utapata kijivu badala ya nyeupe na ni mbaya zaidi. Wacha yawe meupe uendelee. Kama bado hayajagonga, shusha sehemu angavu pole pole mpaka uone ile mikunjo ya bati inarudi, hapo uko sawa.

Halafu nodi, yaani hatua za kurekebisha zinazofuatana. Nodi ya kwanza ni ya mwanga na waiti balansi (nyeupe ionekane nyeupe) tu, usiguse kitu kingine. Ya pili ni ya kijani. Fungua ule mstari wa kupinda (curve) wa Hue vs Sat, wa kubadilisha ukali wa rangi moja, bonyeza nyasi kwa picha, itakuwekea alama pale kwa kijani, uvute chini kiasi, halafu kwa Hue vs Hue, wa kubadilisha rangi yenyewe, uisogeze kidogo sana kuelekea njano. Hiyo peke yake itaondoa nusu ya hiyo sura ya bei rahisi. Ya tatu ni anga: chora dirisha la gradienti kutoka juu, shusha mwanga ndani yake, na ulainishe ukingo sana ama miti itakuwa na kivuli hakijulikani kimetoka wapi. Mwisho kabisa ndio unaongeza kontrasti na ule mstari wa umbo la S, kidogo tu. Ukimaliza klipu moja ya eneo hilo, chagua zile zingine na ubonyeze klipu uliyomaliza na kitufe cha kati cha mausi, zote zinavaa rangi hiyo, kisha unarekebisha moja moja.

chapaa_moto:
LUT mnazitukana bure. Hata kwa Normal kuna zile za mtindo tu, si za kubadilisha log, unaiweka kwa nodi ya mwisho na unapunguza nguvu yake hadi kama 0.3 pale kwa alama ya ufunguo. Kazi inaisha haraka na mteja hajui.

Lakini kaka nunua filta za ND, vile vioo vya giza vya kupunguza mwanga, hayo mabati yanachomeka kwa sababu huna ND. Na ya polaraiza pia, inakata mng'ao.

kisumo_fremu:
LUT ya mtindo kwa 0.3 sina ugomvi nayo. Hapo kwa ND ndio tunaachana njia.

ND haiokoi mabati. Inapunguza mwanga wa picha yote sawasawa, bati na kivuli pamoja, umbali kati yao unabaki ule ule. Ukitaka mabati yasichomeke unapunguza eksiposha (mwanga wa picha) pale kwa droni, ukiwa na ND ama bila. Kazi ya ND ni shata, yaani muda kila fremu inapokea mwanga. Mini 2 tundu la lenzi yake ni f/2.8 na halipungui, kwa hivyo jua la saa saba na ISO 100 unajipata karibu 1/3200, kila fremu imekatwa kama wembe na mwendo unaruka ruka. Ukirekodi fremu 25 unataka 1/50. ND16 inakata stopu 4 (kila stopu ni nusu ya mwanga), inakuacha 1/200, ND64 inakata 6 ndio inakufikisha 1/50. Na hata hivyo ukiwa juu kabisa unaangalia Bahati yote, vitu viko mbali, hakuna mtu ataona tofauti. ND utaihitaji ukiruka chini chini, kando ya magari ya msafara ama juu ya majani.

Polaraiza ni nzuri kwa maji na majani, huku ziwani naitumia. Bati tupu halisikii polaraiza, mng'ao wa chuma ni tofauti na wa maji. Watakuuzia tu.

Kwa DJI Fly, ile app ya kurusha droni, washa histogramu (grafu ya mwanga) na ile milia ya kuonyesha palipochomeka, shusha mpaka milia ibaki kwa kipande kidogo cha bati, basi. Vivuli utavipandisha kwa kompyuta. Na funga waiti balansi, weka kama 5500 mchana, ikikaa auto itabadilika katikati ya klipu ukigeuza kutoka kwa anga kwenda kwa udongo, na hiyo kuirekebisha kwa editi ni kuweka alama (keyframe) baada ya alama mpaka ulie.

mama_edita:
Nimesoma yote na mnaongea rangi rangi tu. Mimi niko Kakamega, naeditia vijana wawili wa droni, na klipu nyingi wananiletea shida yake si rangi, ni kwamba ni ndefu. Droni inaanza kwa kushtuka, inaenda vizuri, inasimama kwa kushtuka. Kata huo mwanzo na huo mwisho, bakisha pale katikati mwendo umetulia. Sekunde nne au tano zinatosha, mtu akishaona boma na tenti ameona. Halafu msipange klipu tatu za kuzunguka kushoto zikifuatana, watu wanasikia kizunguzungu kwa sofa.

Angalia pia mstari wa upeo, Mini nyingi zinalalia upande kidogo upepo ukiwa mwingi. Kwa vile ulirekodi 4K weka taimlaini ya 1080, hapo unaweza zungusha picha digrii moja na kuvuta karibu hadi mara mbili bila kupoteza kitu.

Na nax_juu tafadhali hiyo kijani usiiue. Kuna huu mtindo wa kufanya kila kitu kahawia na buluu ya bahari, unatazama harusi ya Subukia unadhani ni jangwani. Miwa ya Mumias iko na njano yake, msitu wetu ni mzito, chai ya Nandi inang'aa, kila mahali pana kijani yake na mteja wako amezaliwa hapo, anaijua. Punguza makali tu.

nax_juu:
Dada asante, hiyo ya klipu ndefu umenipata, ziko za sekunde 20 🙈 Nimetoa LUT na nimefanya hizo nodi tatu. Jamani. Mabati mengine yamerudi, yale ya kanisa yamekataa. Nyasi sasa ni nyasi. Ila laptopu inapumua kwa shida.

fundi_wa_langalanga:
Tengeneza prokisi. Chagua klipu zote, bonyeza kulia, Resolve inakutengenezea nakala nyepesi unaediti nazo, na wakati wa kurenda unaiambia itumie faili halisi za 4K. Hata kupunguza ubora wa kutazama hadi nusu itasaidia. Blackmagic wenyewe, waliotengeneza Resolve, wanataka RAM 16, kwa hivyo ukipata pesa ongeza RAM kabla ya kuota droni mpya. Na funga kivinjari chako bana, najua uko na tabu 30 zimefunguka.

Kitu kingine, usijaribiwe kupeleka hiyo mashine pale parkini kwa flamingo, bila kibali cha KWS, wale wa wanyamapori, utairudisha nyumbani kwa maelezo marefu.

nax_juu:
Parkini siendi 😂 Swali la mwisho. Niko na klipu moja ya jioni juu ya Menengai, jua linazama, na anga imetoka na mistari mistari kama ngazi badala ya kubadilika pole pole. Hiyo ni kadi mbovu?

kisumo_fremu:
Kadi iko sawa. Ni zile ngazi 256. Anga ya jioni inatoka chungwa kwenda zambarau kwa upana mkubwa, ngazi hazitoshi, na ukiongeza satureshoni (ukali wa rangi) unazitenganisha zaidi mpaka zinaonekana. Rudisha satureshoni ya anga nyuma, punguza kontrasti kwa hilo dirisha, halafu tafuta klipu ya chembechembe za filamu, iweke juu kwa Overlay, ile njia ya kuchanganya picha mbili, na uifanye hafifu sana, inavunja hiyo mistari. Ile efekti ya chembechembe na ya kuondoa noizi ziko kwa Resolve ya kulipia, ndio nasema utumie klipu.

Hapa ikweta jua linashuka wima, hiyo rangi nzuri haikai, saa kumi na mbili na robo uwe ushapaa na kila kitu kimefungwa, si wakati wa kucheza na setingi.

nax_juu:
Sawa. Na kueksipoti? Mteja ataitazama kwa simu, nitamtumia WhatsApp.

mama_edita:
Ya YouTube toa 4K kwa bitireti ya Mbps 40 hivi, wao wenyewe wanasema kati ya 35 na 45 kwa fremu 30 na chini. Ya WhatsApp toa 1080 kisha uitume kama dokumenti, si kama video, ama itabanwa na hiyo anga yako irudi na mistari. Mwambie bibi harusi aipakue kwanza kabla aifungue, na usimtumie yote, mtumie dakika moja ile nzuri aone kwanza.

nax_juu:
Nimetuma. Amesema droni ibaki, ila nitoe ile sehemu mjomba wake amesimama nyuma ya tenti na chupa.