Mafuta ya giaboksi ya oto kuchemka mlimani: tupeane uzoefu

Wadau, naanza mimi. Toyota Noah yangu inabeba watu na magunia kati ya Kisumu na Nakuru, na kutoka Ahero hadi Kericho ni kupanda tu. Kwenye skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), mafuta ya giaboksi yalikuwa yakifika digrii 118. Hapo yanaanza kuungua, yanageuka kahawia na kunuka. Nikaongeza rejeta ndogo ya kupoza mafuta hayo, mbele ya kondensa ya AC (ile inayofanana na rejeta, ya kipoza hewa). Mafuta yanatoka giaboksi, yanapita kwanza kipoza kilicho ndani ya rejeta kubwa ya injini, kisha ndogo, ndipo yarudi. Sasa mlima uleule hayavuki 95. Nyinyi mmefunga vipi?

Mama Probox, Kakamega
Mimi mafuta hayapiti tena rejeta kubwa kabisa, natumia ndogo ya nje peke yake. Sababu ni hii: kile kipoza mafuta kilicho ndani ya rejeta kilitoboka, maji yakaingia giaboksi. Nilipochomoa dipstiki (kijiti cha kupimia mafuta), mafuta yalikuwa kama maziwa ya stroberi. Tulimwaga na kujaza mara kadhaa, haikusaidia kitu. Kulanti (hayo maji ya rejeta) huharibu gundi inayoshika bitana za klachi za ndani ya giaboksi, zikabanduka. Nikanunua giaboksi nyingine. Hata sasa nikiona rejeta kuukuu kwenye gari ya oto mwili unanisisimka.

Kijana wa Molo
Kakamega sawa, mama, lakini huku juu alfajiri? Timboroa iko zaidi ya mita 2,700. Mafuta yakiwa baridi ni mazito, gia zinachelewa kuingia. Rejeta kubwa huyapasha pia, si kuyapoza tu. Weka mpya, usiiruke.

Mama Probox
Molo sijahamia bado 😂

Forester, Nandi Hills
Mnazungumzia rejeta, mimi nazungumzia mipira. Fundi alinifungia mpira wa petroli kwenye laini ya mafuta ya giaboksi. Ulikauka, ukafyatuka kwenye klipu nikiwa kwenye kona za Chavakali, lami yote ikawa nyekundu kwa mafuta. Agiza mpira wa mafuta ya moto, na mdomo wa bomba uwe na kishingo ili klipu ishike. Kingine: zile kamba za plastiki za kupenyezwa kwenye mapezi ya rejeta, kataa. Zinasugua mpaka zinatoboa. Tengenezewa breketi ya chuma.

Mdau wa Kisumu Ndogo
X-Trail yangu ni CVT (oto ya mkanda, isiyo na gia za hatua). Ikipata joto inajilinda, unakanyaga na haiendi. Rejeta ndogo inasaidia, ila mafuta lazima yawe ya CVT, si ATF (mafuta ya giaboksi ya oto) ya kawaida.

Dereva wa zamani, Nakuru
Kabla hamjanunua chochote, zimeni O/D (overdrive, gia ya juu kabisa) mlimani. Gia ya juu na mzigo, konveta (inayounganisha injini na giaboksi) inateleza, na joto jingi linatoka hapo. Wengi wenu mngemaliza shida bila senti.

Mwenye mada
Mzee, nilizima, ilishuka kidogo tu. Magunia ni magunia.

Forester, Nandi Hills
Ukishafunga, pima mafuta upya. Rejeta ndogo na mipira humeza kiasi fulani. Kwenye Noah pima yakiwa moto, injini ikinguruma, gia kwenye P.