Nimesambaza maneno ya kumsema mwenzangu, na kipaimara tunasoma amri ya nane

BintiNgamiani
Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa, shikamooni. Nina miaka 15, niko kidato cha pili, nasoma kipaimara katika usharika wetu wa Kilutheri (KKKT) hapa Tanga.

Mchango wa kwaya ya vijana wa safari ya Lushoto ulipungua shilingi 18,000. Daftari alikuwa analishika msichana tunayesoma naye kipaimara. Kwenye grupu la WhatsApp mtu akaandika, mbona kaonekana na viatu vipya. Mimi sikuandika neno. Niliituma tu ile meseji kwa wenzangu wawili wa shule, kwa simu ya mama. Jumatatu darasa zima linajua.

Hela zimepatikana. Mama mmoja alikuwa hajaleta za watoto wake watatu. Ila yule msichana haji tena mazoezini.

Jumamosi mwinjilisti aliniuliza maana ya amri ya nane, ile ya usimshuhudie jirani yako uongo, nikaisema yote kwa ghibu, wenzangu wakapiga makofi. Chakula cha mchana hakikupita. Kwa kuwa sikuandika mimi, nimeivunja? Na rafiki yangu Mwanglikana wa Muheza anasema hiyo ni ya tisa.

MamaMakorora
Marahaba mwanangu. Amina.

Namba isikusumbue. Waanglikana wanahesabu katazo la sanamu kuwa amri ya pili, sisi tunalisoma ndani ya ile ya kwanza, ndiyo maana zinapishana.

Umeivunja. Maana uliyoisema kwa ghibu haiishii kwenye kusingizia na kusengenya. Luther anaendelea: tumtetee jirani, tumseme kwa mema, kila jambo lake tulichukue kwa upande mwema. Mtoto kavaa viatu vipya. Upande mwema ni kwamba kanunuliwa viatu. Ulikuwa na nafasi ya kuandika hivyo tu.

Halafu fungua sehemu ya kuungama katika Katekisimo Ndogo, kile kitabu cha mafundisho cha Luther. Pale mtu anatakiwa ajitazame mahali alipo, kama ni mzazi, mtoto au mtumishi, ajiulize kama kuna aliyemuumiza kwa neno au kwa tendo. Nenda kwa mchungaji, mwambie, usikie ukitamkiwa msamaha. Usiogope, hatakutangaza. Lakini wale wawili uliowatumia, waambie mwenyewe.

KijanaChumbageni
Mdogo wangu, mimi nilisingiziwa hivyohivyo nikiwa kidato cha nne. Wengi waliniomba radhi pembeni, kimyakimya. Hakuna aliyerudi kusema palepale waliponisemea, na hilo ndilo liliniuma kuliko uongo wenyewe. Kwa hiyo andika kwenye grupu. Ila kwake usitume meseji, nenda kwao kwa miguu yako.

BintiNgamiani
Asanteni. Leo nimetoka shule nikaenda. Nilimkuta anamenya mihogo, mama yake anakaanga jioni. Nikachukua kisu cha pili nikamenya kwanza, maana mdomo haukufunguka. Kisha nikamwambia ni mimi niliyeipeleka shule. Kumbe hakujua. Alinyamaza mpaka sufuria ikajaa. Akasema viatu ni vya dada yake, vya mtumba, na kwamba mazoezini hatarudi kwa sasa. Sikumlazimisha.

Wale wawili nimewaambia uso kwa uso. Mmoja kaona aibu, mwingine kasema yameshapita. Bado grupu. Maneno nimeshayaandika nyuma ya daftari, nasubiri mama arudi na simu.